Nguzo Wanayoilamba Mbuzi

Tarehe 5 mwezi wa kumi, 1998. Jumatatu.

Mimi ni Kaloki. Mwalimu wa ngumbaru ametupa kila mtu daftari, akasema sisi wazee tuandike kila siku hata mstari mmoja mpaka shule ifungwe mwezi wa kumi na mbili, ndio mkono usisahau. Wenzangu darasani wataandika leo nimekula, leo nimelala. Mimi niko na mambo ya kuandika. Nilianza kusoma na miaka sitini na sita, na kwa miaka miwili nimewapita wote, hata yule mzee wa kanisa anayejifanya anafuata Biblia kwa kidole.

Kwanza iandikwe kwamba Barabara ya Juu ya hapa mjini, ile watu wanaita Iulu, nilijenga mimi. Si peke yangu. Lakini wale wengine wamekufa, kwa hivyo sasa ni mimi. Ina nguzo kumi na nne. Inatoka kilima cha upande wa hospitali, inavuka bonde lote na soko la chini, inashukia upande wa pili, na malori yanapita juu ya vichwa vya watu tangu mwaka wa 1957. Mimi nilikuwa nyapara wa zege. Nguzo nambari saba niliisimamia kutoka shimo mpaka juu. Hiyo ndiyo yenye nguvu kupita zote.

Leo kanjo, wale watu wa baraza la mji, wamebandika karatasi kwenye nguzo hiyohiyo. Nimesoma mwenyewe, bila kusaidiwa. Inasema mvua ya El Nino ya mwaka jana ilitikisa Iulu, na tarehe 27 mwezi ujao wananchi waje ukumbini waseme kama itabomolewa ama itatengenezwa.

Kubomolewa. Nilicheka.

Mvua bado. Kalekye mke wangu alikufa mwezi wa nne. Mwalimu alisema tuandike pia mambo ya nyumbani. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Tarehe 6.

Hakuna mvua.

Tarehe 9. Ijumaa.

Siku ya soko, Jumatatu na Ijumaa. Nuradin, yule Msomali wa mbuzi, ameleta mbuzi wengi kuliko nilivyowahi kuona, wamekonda. Huko wanakotoka ni kukavu kuliko hapa. Anawafunga chini ya Iulu kwa sababu ya kivuli, na wao bila kuambiwa wanavuta kamba kwenda nguzo ya saba kuilamba. Hata ya nane na ya tisa wanalamba kidogo. Ya sita hawaigusi. Ya saba wameilamba miaka arobaini mpaka inang'aa, kutoka chini mpaka kifuani kwangu, kama kiti cha mzee.

"Mzee Kaloki," Nuradin akaniambia, "hii nguzo uliipaka nini? Kutoka hapa mpaka Garissa sijaona mahali pengine mbuzi wanapigania ukuta."

"Mbuzi anajua kazi ya fundi."

"Mbuzi hajui kitu. Jana mmoja amekula kofia yangu."

"Hiyo kofia hata mimi ningekula, iondoke machoni pa watu."

Mwikali akacheka mpaka akasimamisha cherehani. Huyu ni binti yangu. Anashona sare za shule hapohapo, mgongo kwenye nguzo ya saba, mwaka wa kumi na sita sasa. Mume wake alienda Mombasa akawa mtu wa Mombasa. Hiyo cherehani ndiyo imesomesha watoto.

Kwa nini mbuzi wanalamba, mimi najua. Kalekye pia alijua. Nitaandika nikitaka.

Tarehe 12.

Majirani wote wamepanda kwenye udongo mkavu, wakingoja. Na mimi nimepanda. Mistari yangu imenyooka kuliko ya watu.

Tarehe 14. Jumatano.

Kuna msichana mrefu, kofia ya plastiki, nyundo ndogo mkononi. Anagonga nguzo halafu anaweka sikio.

Nikamwambia, "Binti, hapo ndani hakuna mtu wa kukufungulia."

"Nasikiliza kama kuna anayetaka kutoka, mzee."

Amejibu bila kugeuka. Nikampenda. Anaitwa Injinia Warigia, kwao Murang'a, ametumwa na wizara. Alikuwa na shida. Michoro ya Iulu haipatikani, Nairobi haiko na kwa kanjo haiko. Nikamwambia mimi ndiye niliyejenga. Akanitazama viatu, halafu mikono. Nikamwonyesha mahali mbao zilifungwa, mahali tulilaza chuma, jinsi nilivyoshika timazi kwa meno mikono ikiwa imejaa. Aliandika kurasa mbili.

"Basi mzee wangu," akasema, "wewe ndio mchoro uliobaki."

Naandika tena nisisahau. Wewe ndio mchoro uliobaki.

Tarehe 16. Ijumaa.

Sasa nitaandika ile siri, kwa sababu mimi ni mchoro, na mchoro hauachi kitu.

Mzungu wetu, msimamizi wa kazi, alikuwa amesema mchanga wote utoke mtoni. Mtoni ni saa mbili kwenda, na kurudi na mzigo ni zaidi. Waliobeba ni wanawake wa mwethya. Mwethya kwetu ni kusaidiana, leo shamba lako, kesho langu, lakini siku hizo chifu alikuwa ameigeuza kuwa lazima, kila kijiji na siku yake. Walibeba kwa kiondo mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

Mzungu akapata homa akapelekwa Nairobi wiki tatu. Nikabaki mkubwa. Wiki ya kwanza, mwanamke mmoja wa kikundi cha kina Kalekye alipoteza mimba njiani. Wenzake waliweka viondo chini, wakamshughulikia, halafu wakainua viondo. Kalekye alikuwa na mimba ya miezi saba. Ndiyo Mwikali huyo.

Kesho yake niliwaambia wanawake wachote kwenye kijito cha nyuma ya kilima, dakika kumi tu, pale ng'ombe walikuwa wakienda kulamba udongo. Mchanga mweupe, msafi, ila una chumvi. Nilionja. Nikafikiria vizuri, mimi si mtu wa kufanya bila kufikiria. Nyama ukiipaka chumvi, inaoza? Haiozi, inakaa mpaka mwaka ujao. Basi nguzo ya chumvi nayo itaoza namna gani? Tukajenga ya saba, ya nane na ya tisa. Mzungu aliporudi alikuta nguzo tatu zimesimama na akanipa mkono mbele ya watu wote.

Sikumwambia. Kila fundi ana siri yake. Kalekye aliniuliza mara moja tu, "Na mzungu akijua?" Nikamwambia mzungu hajui hata kwa nini mbuzi analamba.

Kwa hivyo El Nino ilikuja ikaenda, na nguzo ya saba iko.

Tarehe 17.

Hakuna mvua.

Tarehe 19. Jumatatu.

Diwani Muindi amekuja kwangu na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Aliketi kwenye kiti cha Kalekye. Sikumwambia ni cha nani.

"Mzee, mimi sitaki kubomoa," akasema. "Nikibomoa, wanawake wa soko la chini watanila bila kunichemsha. Tutaziba nyufa, tutapaka rangi, siku ya Jamhuri ikifika Iulu inang'aa. Wewe siku ya mkutano useme tu mlivyofanya kazi. Watu wakusikie."

"Nitasema."

"Halafu jina lako tunaandika kwenye nguzo ya saba. Kwa rangi ya mafuta."

Nilimwambia sihitaji. Halafu nikamwonyesha jina langu linavyoandikwa.

Tarehe 20.

Hakuna mvua. Muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, napika mwenyewe. Ni mgumu lakini ni muthokoi.

Tarehe 23. Ijumaa.

Injinia Warigia alifungua nguzo ya saba kwa patasi, juu kidogo ya mahali mbuzi wanafika. Plasta ilianguka kama ganda la yai. Zege ikatoka kwa vipande. Halafu chuma.

Ile chuma naijua. Ilikuwa na unene wa kidole changu gumba. Sasa imebaki kama waya wa kuanika nguo, na juu yake kutu ya matabaka, unaikwangua kwa ukucha inaanguka.

Injinia aliikwangua tena. Akasema, "Hii si El Nino, mzee. Maji hula kutoka nje kuja ndani. Hii imeanzia ndani."

"Ndani kuna nini cha kula chuma?"

"Chumvi. Nilifanya kazi pwani, nikaona nyumba zilizojengwa kwa mchanga wa bahari. Chumvi inakula chuma polepole miaka mingi, na huko nje ukuta unakaa mzuri tu, unapaka rangi kila Krismasi. Halafu siku moja." Hakumaliza. "Mchanga mlichota wapi?"

"Mtoni."

"Wote?"

"Wote. Mimi nilikuwa nyapara."

Akaandika. Nikaona ameandika MTONI, kwa herufi kubwa. Kama nisingeenda ngumbaru nisingeona.

Nuradin alikuwa karibu anafungua kamba. Mbuzi walikuwa wanalamba. Cherehani ya Mwikali ilikuwa inalia tu, trrr, trrr, mgongo wake pale pale.

Nilienda nyumbani nikaketi. Nilitafuta hofu ndani yangu nikakosa. Ilikuwa kama mkono ukiulalia, unaushika unajua ni wako, lakini husikii kitu. Hata siku ya kumzika Kalekye ilikuwa hivyo. Watu walisema Kaloki ni mgumu. Mimi sikuwa mgumu. Sikusikia kitu.

Tarehe 24.

Hakuna mvua.

Tarehe 25.

Sikuenda kanisani. Hakuna mvua.

Tarehe 28.

Nilienda ngumbaru. Mwalimu aliniuliza kama naandika. Nikamwambia kila siku. Hakuna mvua.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na moja. Jumatatu.

Nilifika sokoni asubuhi kabla ya watu. Nikatazama huku na huku. Nikainama nikalamba nguzo ya saba.

Chumvi. Ileile. Ulimi haujasahau.

"Mzee, hata wewe?"

Ni Nuradin, yuko nyuma yangu na fimbo. Hakucheka. Alikuja akapitisha kidole kwenye ile zege, akaweka mdomoni, akatema.

"Chumvi," akasema. "Mbuzi wangu wamejua miaka hii yote na hawajaenda shule." Halafu akasema, "Umemwambia yule injinia?"

"Hajaniuliza."

"Amekuuliza. Nilikuwa hapa."

Akaanza kufungua mbuzi, mmoja mmoja, akawapeleka nguzo ya tatu. "Mimi nitafunga huku kuanzia leo," akasema. "Mbuzi wangu wako na mahali pengine. Mwikali je?"

Mbuzi walivuta kamba kurudi saba mchana kutwa. Wawili walijinyonga karibu wafe.

Tarehe 4.

Hakuna mvua. Wachira, wa duka la juu la magodoro, ameniambia mbele ya watu kwamba Iulu lazima iende, kwa sababu akifungua dirisha anaona tairi. Nikamwambia tairi hizo ni za kwao Nyeri zinaleta viazi, azisalimie.

Watu walicheka. Mimi nilienda zangu.

Tarehe 9. Jumatatu.

Nilimwambia Mwikali ahamie nguzo ya pili.

"Kufanya nini huko?"

"Kuna upepo mzuri."

"Baba, wateja wangu wanajua saba. Wakiambiwa sare, wanasema saba. Na wewe mwenyewe ndiye umesema tangu nikiwa mtoto hii itasimama mpaka mimi niwe nyanya." Alikuwa anapima mtoto wa shule kiuno, pini mdomoni. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akatoa pini mdomoni. "Tangu mama afe, kwako kila kitu ni hakuna kitu."

Wakati huo lori lilipita juu, na kipande cha zege kama maharagwe kikaanguka kwenye kitambaa cha buluu. Alikipangusa na mkono kama makombo ya mkate. Akaendelea. Nikaona hiyo si mara ya kwanza, mkono wake umezoea.

Tarehe 13.

Nilifukua shambani. Mbegu hazijaota, mchwa wamekula. Mistari bado imenyooka.

Tarehe 16. Jumatatu.

Injinia alinikuta kwenye kibanda cha chai. Alikunywa bila sukari.

"Mzee wangu, nikueleze ripoti yangu inavyosimama," akasema. "Kama hizi nguzo zimeliwa na maji, tunaweza kuziba na kutengeneza, na Iulu ibaki. Kama ni chumvi ndani ya mchanga, hakuna kutengeneza. Ukiziba hapa inakula pale. Ni kubomoa. Nimeandika maji, kwa sababu wewe umesema mtoni na sina mtu mwingine wa kuuliza. Mashine ya kupima chumvi iko Nairobi na ofisi haijaniletea." Akazungusha kikombe. "Lakini ile chuma haikubaliani na wewe."

"Chuma haizungumzi."

"Inazungumza, mzee. Ndiyo kazi yangu."

Zamani ningekasirika, msichana wa umri wa wajukuu zangu. Leo niliona tu kwamba ana vidonda kwenye vidole kwa sababu ya patasi, na kwamba hakuna mtu wa kanjo aliyemletea hata glavu.

Tarehe 17. Tarehe 18. Tarehe 19.

Hakuna mvua.

Tarehe 20. Ijumaa.

Fundi wa rangi amekuja. Ameandika ILIJENGWA NA FUNDI KALOKI, 1957. Rangi ya buluu. Diwani aliamuru iwe juu, mbuzi wasifike. Herufi K imeenda upande kidogo.

Nilisoma mara nne. Miaka yote nilitaka hiyo kitu. Nilingoja nisikie.

Mwikali aliacha kazi akaja kusimama na mimi. "Mama angeona," akasema.

Tarehe 22.

Kanisani tuliombea mvua. Wengine walilia. Mimi nilishika kofia.

Tarehe 27. Ijumaa.

Mkutano. Nitaandika yote.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wachira alianza. Akasema Iulu imezeeka tu, mji mwingine ungekuwa umeshaiangusha, jua lingeingia madukani, chini kungekuwa na barabara pana ya lami. Mwanamke anayeuza nyanya akasimama akasema, "Wachira anataka jua. Si aende Konza, huko jua ni bure. Sisi tunataka kivuli." Ukumbi ulicheka. Mwingine akasema mvua ya mwaka jana ni Iulu iliyowafunika, wote na mizigo yao, na aliyesema ibomolewe alikuwa wapi.

Injinia Warigia akasoma ripoti yake. Akasema nguzo tatu zina shida, ya saba zaidi. Akasema kulingana na maelezo aliyopewa ni maji, na kama ni maji, inatengenezeka. Watu wakapiga makofi. Yeye hakutabasamu.

Diwani Muindi akasema, "Sasa tusikie aliyeijenga. Huyu si mtu wa vitabu, huyu ni mtu wa mikono."

Nikasimama. Nilianza vizuri. Nilieleza mashimo, tulichimba futi kumi na nne mpaka mwamba. Nilieleza timazi kwa meno. Watu walikuwa kimya, mimi najua kuzungumza. Mwikali alikuwa mstari wa pili, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Aliinama kumwambia mtu kitu, na nikaona kwenye nywele zake, hapo katikati, kipande cha zege. Kidogo kama punje ya mtama. Alikuwa amekuja nacho.

Nikasema, "Mchanga haukutoka mtoni."

Injinia akainua kichwa.

Nikasema yote. Kijito, ng'ombe, chumvi, mimba ya Kalekye. Ya saba, ya nane, ya tisa. Nikasema na ile habari ya nyama, kwamba haiozi. Hapo ndipo walicheka. Mtu akasema kwa nyuma, "Kumbe tumekaa chini ya nyama kavu."

Diwani alisimama haraka. "Jamani, mzee alifiwa mwaka huu. Amechoka."

"Sijachoka."

"Basi kwa nini ulimwambia injinia mtoni?"

"Kwa sababu nilitaka iwe mtoni."

"Nani alikuruhusu kubadilisha mchanga wa serikali?"

"Mimi nilikuwa nyapara."

Kelele. Halafu sauti ya mwanamke mzee, kutoka benchi la ukutani. Alisimama kwa kushikwa mkono. Sikumtambua mpaka aliposema jina. Munyiva, wa kijiji cha ng'ambo. Wakati huo alikuwa msichana mwembamba anaimba wakibeba.

"Anasema kweli," akasema. "Mimi nilibeba. Nilikuwa nyuma ya Kalekye kwenye mstari. Na sisi tulijua ni chumvi, jasho lilikuwa linatuingia mdomoni pamoja na ule mchanga. Tulinyamaza kwa sababu migongo ilikuwa inauma. Huyu alitufupishia njia." Akapumua. "Kalekye alikuwa anatuambia, mume wangu anafikiri nguzo ni nyama, lakini msimwambie, ataturudisha mtoni."

Ukumbi ulicheka tena, lakini si vile vya kwanza.

Hiyo sikuwa najua. Miaka arobaini na moja nyumba moja.

Huko mwanzo wa daftari niliandika kwamba wote tuliojenga wamekufa nikabaki mimi. Wanawake sikuwa nimehesabu.

Mwikali alisimama akatoka bila kunitazama. Injinia alichukua kalamu akakata neno kwenye karatasi yake, mstari mmoja. Najua ni neno gani.

Tarehe 28.

Hakuna mvua.

Tarehe 30. Jumatatu.

Karatasi mpya. Inabomolewa yote, kwa sababu za katikati zikitoka, za pembeni zitashika nini. Malori yamezuiwa kuanzia leo. Watu wa chini wamepewa siku tatu.

Walikuwa wanakunja meza nikipita. Hakuna aliyenitukana. Mwanamke wa nyanya alisema tu, "Mzee Chumvi, umetufunua kichwa." Sasa hilo ndilo jina langu, watoto wa shule wameshalijua.

Diwani hanisalimii. Nuradin alinisalimia kwa mikono miwili.

Tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili.

Mwikali hajaja nyumbani tangu mkutano. Cherehani haiko pale.

Tarehe 3.

Mashine kubwa ilikuwa Kyumbi kwa kazi nyingine, wameileta. Inavunja juu kwanza. Vumbi mpaka kwangu.

Tarehe 7. Jumatatu.

Leo nguzo. Nilienda kusimama kwenye kamba pamoja na watu. Injinia alinipa kofia ya plastiki.

Ya kumi na nne ilichukua saa nzima, mashine ikikohoa. Ya kumi vilevile. Ya tisa ilianguka upesi. Ya saba waliigonga mara moja. Ilikaa chini, si kuanguka, ilikaa kama mtu aliyechoka. Jina langu lilikuwa kwenye kipande kimoja kikubwa, kikalala kikitazama juu, halafu tingatinga likakipanda.

Ya sita waliipiga mpaka jioni na bado imesimama. Hiyo ya sita mchanga ulitoka mtoni. Nilikuwa nasema nini miaka yote.

Injinia aliokota kipande cha chuma cha saba, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilivunjika chenyewe nilipokifunga mkono.

"Ingekuwa mwezi huu ama mwaka ujao," akasema. "Sijui. Lakini ingekuwa siku ya soko, mzee. Siku ya soko ndio uzito uko juu na watu wako chini."

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri."

Nilimwambia ni muvea, kama tunavyoshukuru sisi. Nikaenda. Sikusikia kitu.

Tarehe 9. Jumatano.

Mwikali amekuja. Alisimama mlangoni kidogo halafu akaingia, akaketi kwenye kiti cha mama yake. Sasa anashona kwenye baraza ya duka la Wachira. Wachira mwenyewe ndiye alimwita. Anasema Wachira ana dirisha wazi siku nzima na sasa analalamika jua linachoma magodoro.

Tulikaa. Kisha akauliza, "Yule aliyekuwa tumboni, wakati wa kijito, ni mimi?"

"Ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ilikuwa siri ya fundi."

Akatazama mikono yake. Nikampakulia muthokoi. Alitafuna, akatafuna.

"Baba, huu ni kokoto."

"Huo ni wa mtoni," nikasema.

Alikula wote. Aliosha sahani mbili, yake na yangu.

Tarehe 11.

Shule imefungwa. Mwalimu hakukusanya daftari. Hakuna mvua.

Tarehe 14. Jumatatu.

Soko. Shule imefungwa lakini naandika.

Bonde sasa liko wazi, unaona kilima mpaka kilima. Watu wamepanga vitu juani na wamefunika vichwa na magunia. Saa nane kukawa giza upande wa Mitaboni, upepo ukabeba vumbi la zege, halafu matone makubwa, na kabla ya kuhesabu mpaka kumi ikamwagika.

Soko lote likakimbia. Wanawake na vikapu, Nuradin na mbuzi wake wote, mwanamke wa nyanya na beseni kichwani, watu wa juu wakishuka. Wote walikimbia upande mmoja. Wakafika, wakasogeleana, wakasimama wamekunja mabega, kama kuna kitu juu. Mvua ikawapiga. Wakatazama juu. Kwa muda hakuna aliyeondoka.

Mimi pia nilikuwa nimekimbia. Miguu ilinipeleka yenyewe. Nilikuwa nimesimama pale saba ilikuwa, kofia mkononi, na mbuzi miguuni kwangu wakilamba ardhi.

Mwikali alikuwa kwenye baraza ya Wachira ananipungia niende, anaita, "Baba, huku." Sikuenda mara moja. Maji yaliingia kwenye kola yakashuka mgongoni, mpaka kiunoni, mpaka kwenye viatu.

Nilisikia baridi.